Muulize Mkufunzi Mnafanya Nini Jumatano Asubuhi

Kijana mmoja aliniletea vipeperushi vitatu vya kozi za mitandao ya kompyuta akaniomba nimchagulie. Cha kwanza kilikuwa kinauza cheti: nembo kubwa, jina la mtihani, picha ya mtu mwenye suti akitabasamu mbele ya seva. Cha pili kilikuwa kinauza muda, wiki mbili tu na umemaliza. Cha tatu kiliuza ajira, tena ya uhakika, kwa herufi nyekundu. Nilivisoma mbele na nyuma. Hakuna hata kimoja kilichosema mwanafunzi atakuwa anafanya nini Jumatano asubuhi ya wiki ya tatu. (Cha pili nakisamehe, hakikuwa na wiki ya tatu.)

Nikamwambia arudi kote kutatu akaulize swali hilohilo. Alikoanzia aliambiwa "tunafuata silabasi". Alikofuatia walimjibu kwamba inategemea, bila kusema inategemea nini. Mahali pa mwisho, na ajabu ni kwamba palikuwa pale pa mtu mwenye suti, mkufunzi alimwambia: njoo Jumatano uone. Nitarudi huko.

Wengi wanaotaka kuingia kwenye fani hii huanza na cheti. Nisome CCNA ya Cisco au Network+ ya CompTIA? Na hii JNCIA ya Juniper vipi? Swali si baya, ila linafunga kwenye furushi moja vitu viwili ambavyo havina budi kutenganishwa. Cheti ni mtihani. Kozi ni njia mojawapo ya kuufikia, na wala si lazima: hakuna anayekuzuia kufanya mtihani wa CCNA au wa Network+ hata kama hujawahi kukanyaga darasa. Mada zake si siri pia. Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mitandao na wenye CCNA, wanazitangaza wazi pamoja na uzito wake. Katika CCNA ya sasa, yenye namba 200-301, misingi ya mitandao ni asilimia 20, swichi (kifaa cha kuunganisha kompyuta za mahali pamoja) na Wi-Fi asilimia 20, uelekezaji wa pakiti za IP (vifurushi vya data) asilimia 25, huduma kama DHCP na NAT (za kugawa na kubadilisha anwani) asilimia 10, usalama asilimia 15, na kuendesha mitandao kwa programu asilimia 10. Video zinazoeleza kila mada hapo zimejaa YouTube, na baadhi yake zinafundisha vizuri kuliko walimu wengi niliowahi kuwaketia mbele. Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao mzima kwenye kompyuta moja, hutolewa bure kwa anayejisajili na Cisco Networking Academy.

Sasa kama mada ziko wazi, maelezo ni bure na maabara ya kuigiza ni bure, unapolipa ada ya kozi unanunua nini hasa?

Jibu langu ni hili: unanunua hitilafu. Unamlipa mtu akuharibie mtandao kwa makusudi, akae pembeni akuangalie unavyohangaika, kisha akuonyeshe ni wapi ulianza kutafuta vibaya. Kozi isiyokupa hilo inakusomea kwa sauti vitu ambavyo ungeweza kujisomea mwenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu kazi yenyewe, hasa miaka ya mwanzo, ni kutafuta kilichoharibika. Mara chache sana mtu mpya ataitwa kusanifu mtandao kutoka sifuri. Ataitwa kwa sababu "mtandao haupo". Na hapa Kiswahili chetu kinamwongezea fundi kazi, maana neno mtandao limebebeshwa mzigo wa kila kitu: laweza kuwa intaneti, Wi-Fi, laini ya simu, waya ulioingia nyuma ya meza, au tovuti moja tu iliyogoma. Anayekuambia mtandao haupo hajakuambia kitu bado. Ujuzi unaanzia kwenye swali lako la pili.

Chukua mfano mdogo. Ofisi ina mtandao wa 192.168.10.0 wenye barakoa ya 255.255.255.0 (barakoa, au subnet mask, ndiyo namba inayoiambia kompyuta anwani zipi ni za majirani zake), na ruta, kifaa cha kutokea kwenda nje, iko kwenye anwani ya 192.168.10.1. Mtu mmoja kapewa anwani kwa mkono, 192.168.10.130, lakini aliyeiandika akakosea barakoa akaweka 255.255.255.128. Kompyuta hiyo sasa inaamini kwamba majirani zake ni wale wa 129 hadi 254 tu. Inaiona printa iliyoko kwenye 140 na inachapisha bila shida. Seva iliyoko kwenye 20 haiioni. Ruta yenyewe, iliyoko kwenye 1, imegeuka ya ng'ambo, kwa hiyo intaneti haipo. Mwenye kompyuta anaapa kwamba waya ni mzima, "si unaona nachapisha?", na anachosema ni kweli.

Mwanafunzi aliyekariri hesabu za kugawa mtandao atakuambia papo hapo kwamba barakoa ya 255.255.255.128 inagawa mtandao huo vipande viwili vyenye anwani 126 za kutumia kila kimoja. Kwenye karatasi anapata alama zote. Mbele ya kompyuta hii atabadilisha waya, ataizima na kuiwasha, kisha atamlaumu mtoa huduma za intaneti. Hesabu anaijua, ila hajawahi kuiona ikiwa imevaa nguo za kazini. Ukishaitafuta hitilafu hiyo mara moja kwa dakika arobaini, huku mkufunzi amefunga mdomo, hutaisahau tena, na siku nyingine itakuchukua dakika mbili.

Mfano mwingine ni kitanzi kati ya swichi, yaani njia inayojizungukia. Vitabu vyote vinaeleza Spanning Tree, itifaki ya kuzuia vitanzi kwa kufunga njia za ziada, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa Digital Equipment Corporation, na wanafunzi wanaikariri kama kasuku: swichi kiongozi, milango iliyofunguliwa, milango iliyofungwa. Kwa nini ipo? Kwa sababu fremu ya Ethernet, kifurushi kinachobeba data kati ya swichi, haina kihesabu cha kuiua. Pakiti ya IP ina namba inayopungua kila inapopita ruta, ikifika sifuri inatupwa. Fremu inayotangazwa kwa wote ikiingia kwenye kitanzi itazunguka na kuzaliana mpaka mtu achomoe waya. Sentensi hiyo unaweza kuisoma mara kumi isikuguse. Lakini mwambie mwanafunzi azime Spanning Tree kwenye swichi mbili halisi, aziunganishe kwa nyaya mbili, kisha atazame taa. Zitameta zote kwa mpigo mmoja kama zimepandwa na mashetani, na kompyuta yake itaacha kujibu. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini mtu mmoja aliyechomeka waya usiofaa chini ya meza anaweza kuangusha jengo zima.

Hapa linakuja suala la vifaa, ambalo watangazaji wa kozi hulipenda kwa sababu vifaa vinapendeza kwenye picha. Kabati lenye swichi ishirini halinishtui. Nauliza ni wanafunzi wangapi wanagawana, na kama kabati hilo hufunguliwa mwalimu akiwa hayupo. Sijali hata kama vifaa ni vya zamani, kwani swichi ya miaka kumi iliyopita inatengeneza kitanzi vizuri tu. Na programu za kuigiza sizidharau. Packet Tracer inatosha kwa sehemu kubwa ya CCNA, japo inakubali tu amri ilizofundishwa na watengenezaji wake. GNS3 na EVE-NG zinakwenda mbali zaidi, maana zinaendesha mifumo halisi ya ruta ndani ya kompyuta yako. Zote hizo haziwezi kukupa waya mbovu. Hakuna simuleta inayokuonyesha kichwa cha RJ45 kilichobanwa na nyaya za jozi mbili zikachanganyika, kikafanya kazi kwa kusuasua. Wala ncha ya fiba iliyoguswa kwa kidole ikachafuka. Wala kebo ya shaba iliyovutwa kupita zile mita 100 zinazoruhusiwa kwa sababu fundi alitaka kukwepa kuongeza swichi. Kozi ambayo mwanafunzi anaimaliza bila kubana hata kichwa kimoja cha waya ina upungufu, hata kama imejaa mada za wingu (cloud) na akili unde.

Kuhusu wingu, nasikia sana kwamba mambo ya ruta na swichi yamepitwa, kila kitu kinahamia kwa Amazon na Microsoft. Fungua akaunti ya wingu ujaribu kujenga mtandao wako humo: kitu cha kwanza utakachoulizwa ni safu ya anwani yenye mkwaju, /16 au /24, ambayo ni barakoa ileile iliyoandikwa kwa kifupi, kisha jedwali la njia, kisha sheria za nani apite na nani asipite. Maarifa ni yaleyale, tofauti ni kwamba huna waya wa kuchomoa.

Kuna somo moja ambalo karibu kila kozi hulipita haraka, nalo ni namna ya kurudi nyuma ukikosea. Nililijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimeingia kwenye ruta iliyokuwa mbali, nikaandika orodha ya kuzuia pakiti, nikaibandika kwenye mlango uleule niliokuwa nimepitia. Skrini ikaganda. Nilikuwa nimejifungia nje ya nyumba na funguo ndani. Mtu alilazimika kusafiri kwenda kuizima na kuiwasha kwa mkono, na nilikuwa mimi. Baadaye mzee mmoja wa kazi akanionyesha kitu cha sekunde tano: kwenye ruta za Cisco, kabla ya kugusa jambo la hatari unaandika "reload in 10". Ukijifungia nje, ruta itajiwasha upya baada ya dakika kumi na kurudi kwenye mpangilio uliohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, unaifuta amri hiyo na maisha yanaendelea. Juniper wana yao, "commit confirmed", inayofuta mabadiliko yenyewe usipoyathibitisha kwa wakati. Nilikuwa nimesoma, nimefanya mtihani na nimefaulu. Hakuna aliyewahi kunitajia.

Na usidhani ni makosa ya wanagenzi. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata miunganisho yote ya mtandao wao wa uti wa mgongo, ule unaounganisha vituo vyao vya data, na programu iliyopaswa kuizuia ilikuwa na hitilafu ikaiacha ipite. Seva zao za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, ziliacha kutangaza njia zao kwa BGP, itifaki ambayo mitandao mikubwa huambiana njia za kufikiana, na dunia nzima ikapoteza ramani ya kufika huko. Zana ambazo wahandisi wangezitumia kurekebisha nazo zilitegemea vitu vilivyokuwa vimeanguka. Ikabidi watu waende vituoni kwa miguu yao, wakakwamishwa na ulinzi mkali wa majengo yao wenyewe. Mkufunzi mwenye bidii anaweza kulitumia tukio hilo kwa wiki nzima: DNS iko ndani yake, BGP iko ndani yake, na swali la nani anashika funguo ya mlango liko ndani yake. Mkufunzi mvivu atalitaja kama kichekesho na kurudi kwenye slaidi.

Slaidi nazo zina tarehe ya kuharibika. Njia ya haraka ya kujua kama silabasi imechacha ni kuitazama inavyozungumzia anwani. Kama inafundisha daraja A, B na C kana kwamba ndivyo intaneti inavyogawanywa leo, fahamu kwamba utaratibu huo ulianza kuachwa mwaka 1993 ilipokuja CIDR, mtindo wa kugawa anwani bila kufuata madaraja. Kuutaja kama historia ni sawa, kuutahini kama sheria ni kumpotezea mtu muda. Kama IPv6, kizazi kipya cha anwani baada ya IPv4, imewekwa ukurasa wa mwisho na maneno "itakuja siku za usoni", mwambie mwalimu kwamba IANA, wagawaji wakuu wa anwani duniani, waliishiwa na mafungu ya IPv4 ya kugawa Februari 2011. Angalia pia namba ya mtihani kwenye tangazo. Cisco walifumua mfumo wao wa vyeti tarehe 24 Februari 2020, zile CCNA nyingi za fani mbalimbali zikamezwa na moja, na tangu hapo hata CCNP, cheti cha ngazi ya juu yake, haikudai tena uwe na CCNA kwanza. Tangazo linalokuahidi 200-125, namba ya CCNA ya zamani, linakuuzia mtihani ambao haupo. Vivyo hivyo anayeendelea kunadi MCSE: Microsoft waliistaafisha mwanzoni mwa 2021.

Tukirudi kwenye cheti kipi, maana najua hilo ndilo lililowaleta wengi hapa, sitazungukazunguka. Anayetaka kuwa fundi wa mitandao aende kwenye CCNA, hata kama hatagusa kifaa cha Cisco maisha yake yote, kwa sababu inamlazimisha kuandika amri na kuona matokeo yake. Network+ ya CompTIA haina kampuni inayoipendelea na inagusa mambo mengi kwa upana. Maswali yake hayazidi 90 kwa dakika 90, na hesabu hiyo peke yake inakuonyesha kwamba inapima wepesi wa kutambua kuliko uvumilivu wa kutafuta. Inamfaa anayetoka mbali kabisa na kompyuta, au anayeelekea kwenye usalama wa mifumo au huduma kwa watumiaji. Zote mbili zinaisha nguvu baada ya miaka mitatu usipozihuisha, jambo ambalo vipeperushi hulisahau.

Isipokuwa kuna kigezo kinachopindua ushauri huo wote: vifaa vilivyofungwa mahali unapotaka kufanya kazi. Watoa huduma wadogo wa intaneti wengi wanatumia vifaa vya MikroTik, na cheti cha kampuni hiyo, MTCNA, tofauti na hivyo vingine, hufanyiwa mtihani mwishoni mwa mafunzo yaliyoidhinishwa, kwa hiyo huko kozi hukwepi. Kampuni za simu nyingi zimejaa Huawei. Uliza kwanza kwenye makabati yao kuna nini, ndipo uchague.

Kozi za siku tano sizipingi moja kwa moja. Kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka miwili na anataka kupanga kichwani anavyovijua vipande vipande, siku tano za moto zinafaa. Kwa anayeanza ni kumwagia maji ndoo iliyofunikwa. Na kozi inayokugawia "maswali yanayotoka" ikimbie. Wenye mitihani wanaliita hilo wizi na wanaweza kukufutia cheti, lakini hata wasipokukamata, siku ya usaili utawekwa mbele ya ruta na mtu ambaye hakusoma majibu yale. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami kila nikiona "asilimia 100 ya wanafunzi wetu hufaulu" nauliza asilimia 100 ya nani, wa mwaka gani, na waliokata tamaa katikati wamehesabiwa wapi.

Kinachobaki ni mkufunzi, na hapo sina kipimo cha karatasi. Nampenda anayeendelea kufanya kazi nje ya darasa, aliyeamshwa usiku hivi karibuni kwa sababu mtandao wa mtu umeanguka. Vyeti vyake vinanivutia kidogo tu. Nampenda zaidi anayeweza kusema "hapo sijui, tutazame" akafungua Wireshark, programu ya kunasa pakiti, mbele ya wanafunzi na kuanza kusoma pakiti moja moja, bila kujua atakuta nini.

Basi Jumatano ile nilimsindikiza kijana mpaka kwa mtu mwenye suti. Suti haikuwepo, na yule wa kwenye picha wala hakuwa mtu wa pale. Chumba kilikuwa kidogo, swichi sita kuukuu, nyaya za rangi zisizolingana. Wanafunzi wanane walikuwa wamegawanyika wawili wawili, wanne wamepiga magoti sakafuni, na hakuna aliyekuwa anatazama ubao. Mmoja alisema ping, jaribio la kuita kifaa kingine, inajibu kwenye ruta lakini haitoki nje. Mwenzake akamuuliza kama amejaribu kwa anwani au kwa jina. Wakanyamaza, wakatazamana, wakaanza kuandika upya.

Nilimuuliza mkufunzi kimya kimya ameharibu nini. Alikuwa ameketi mlangoni na kalamu, anaandika nani amegusa nini kwanza. Akaniambia nivute kiti, nijaribu na mimi.